Theluji Ikiyeyuka, Mto Hujaa: Jinsi ya Kujua Kama Njia ya Mlimani Inapitika

Swali la "njia imefunguliwa?" lina majibu matatu, na wengi wanaokwama milimani mwezi Mei na Juni walikuwa wamepata jibu sahihi la swali lingine. Jibu la kwanza ni la kisheria: gari linaruhusiwa kupita hapo tarehe hiyo? La pili ni la mitambo: kaunti imeshasukuma theluji barabarani? La tatu ndilo la safari yenyewe: gari langu litapita leo, saa nitakayofika, na litaweza kurudi saa nitakayorudi? Hakuna mahali pamoja panapojibu yote matatu. Jibu la tatu unalitengeneza mwenyewe, kwa kuunganisha vipimo vya theluji, vipimo vya mito, picha za satelaiti na buti lako.

Mfano mzuri ni milima ya San Juan, kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado nchini Marekani, ambako njia za magari ya 4x4 hupanda hadi juu ya mwisho wa miti. Cinnamon Pass ("pass" ni kipito cha juu ya mlima) iko mita 3,850 kutoka usawa wa bahari, Engineer Pass mita 3,900, Black Bear Pass zaidi kidogo ya hapo, na Imogene Pass karibu mita 4,000. Miji iliyo chini yake, yaani Ouray, Silverton, Telluride na Lake City, iko kati ya mita 2,400 na 2,850. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo anayeondoka Ouray kwenye nyuzi 15 kuelekea Imogene anakwenda mahali penye nyuzi 4 au 5. Mjini nyasi zimeota. Kule juu bado kuna theluji ya kumfika mtu kifuani.

Na tarehe ya mwaka jana haikusaidii sana. Mwaka 2018 San Juan ilipata theluji kidogo mno. Mwaka uliofuata, 2019, ilimwagika kwelikweli, na maporomoko makubwa ya mwezi Machi yakashusha barabarani vifusi vya theluji iliyogandamana ikiwa imebeba magogo. Vifusi vya namna hiyo huchelewa kuyeyuka kuliko theluji ya kawaida, na hata vikiyeyuka vinakuachia lundo la miti linalohitaji msumeno.

Karatasi kwanza

Huduma ya Misitu ya Marekani huchapisha ramani ya matumizi ya magari, inayojulikana kwa kifupi kama MVUM. Inapatikana bure, na ndiyo inayotambulika kisheria kwenye ardhi ya misitu hiyo. Inaonyesha kila njia kwa namba yake, aina ya gari inayoruhusiwa na tarehe za msimu. Njia isiyokuwemo kwenye ramani hiyo imefungwa kwa magari, hata kama hakuna geti wala kibao. Sehemu kubwa ya njia za kati ya Lake City na Silverton ziko kwenye ardhi ya BLM, yaani Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, ambayo ina ramani zake, kwa hiyo angalia kwanza uko kwa nani.

Tarehe iliyoandikwa kwenye MVUM haina habari na theluji. Ikisema msimu unaanza Juni 1, maana yake ni kwamba kuanzia siku hiyo hutapigwa faini. Basi.

Mitambo ni suala jingine. Kaunti hupeleka mabuldoza na mashine za kusukuma theluji kwenye baadhi ya vipito vikubwa, kwa kawaida kuanzia Mei, na hutangaza zinapofungua. Tangazo hilo lina thamani, lakini lisome polepole. Njia iliyosukumwa mara nyingi ni mfereji wa upana wa gari moja uliochongwa katikati ya kuta za theluji, usio na mahali pa kupishana. Kuta hizo hutiririsha maji barabarani mchana kutwa, na usiku maji hayo huganda. Pia "Engineer Pass imefunguliwa" huweza kumaanisha upande mmoja tu, hadi kileleni. Uliza upande upi.

Kusoma kituo cha theluji

Chombo muhimu kuliko vyote ni mtandao wa SNOTEL, unaoendeshwa na NRCS, idara iliyo chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Ni vituo zaidi ya 900 vinavyojiendesha vyenyewe katika milima ya magharibi. Kila kituo kina mto mkubwa, kama ule wa kulalia, uliojazwa kimiminika kisichoganda na kutandikwa ardhini. Theluji ikiulalia, mgandamizo hupimwa na kugeuzwa kuwa kiasi cha maji kilichomo ndani ya theluji hiyo. Juu yake kuna kihisi cha mawimbi ya sauti kinachopima kina. Kuna pia kipimajoto na chombo cha kukusanya mvua. Takwimu hutumwa kila saa, na mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Wengi hukimbilia kina. Hilo ni kosa, kwa sababu kina kinadanganya. Theluji mpya huwa na maji asilimia 5 hadi 12 tu. Iliyobaki ni hewa. Theluji ya Mei iliyokwisha kukomaa hufikia asilimia 40 hadi 50. Sentimita 120 za Januari zenye maji asilimia 25 ni milimita 300 za maji. Sentimita 120 hizohizo mwezi Mei, zenye asilimia 45, ni milimita 540. Kwa macho ni kimo kilekile, lakini kazi ya kuyeyusha inakaribia maradufu.

Kuna udanganyifu wa pili. Mwezi Aprili utaona kina kikishuka, tuseme kutoka sentimita 180 hadi 150 kwa wiki moja, na utafikiri mambo yameanza. Angalia mstari wa maji kwenye mchoro wa kituo: kama haujashuka, hakuna kilichoyeyuka na kuondoka. Theluji imejishindilia tu. Theluji ya kipupwe huwa baridi chini ya sifuri ndani yake, na jua la mwanzo wa majira ya kuchipua linatumika kwanza kuipasha tabaka zote hadi zifikie nyuzi sifuri, kisha kuilowesha hadi ishindwe kushika maji zaidi. Hapo ndipo maji huanza kutoka chini. Siku ambayo mstari wa maji unapinda kutoka kupanda kwenda kushuka ndiyo siku ya kuanza kuhesabu. Kwa Colorado kwa jumla kilele hicho huangukia mapema au katikati ya Aprili, na kwenye vituo vya juu huchelewa hadi mwisho wa Aprili au Mei.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Theluji iliyokomaa huyeyuka kati ya milimita 20 na 50 za maji kwa siku, kutegemea joto na jua. Kadirio jepesi ni kuchukua wastani wa joto la siku juu ya sifuri na kuzidisha kwa 4: wastani wa nyuzi 7 unatoa milimita 28 hivi. Kituo chenye milimita 540 kikipoteza 30 kwa siku, kimebakiwa na siku 18. Lakini usitegemee kadirio peke yake. Vuta takwimu za siku tano zilizopita uone kituo chenyewe kinapoteza kiasi gani. Kumbuka tu kwamba NRCS huandika kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.

Asilimia ya kawaida, inayopendwa na magazeti, iache ifikapo Mei. Kituo hulinganishwa na thamani ya kati ya miaka 1991 hadi 2020 kwa tarehe ileile. Mwishoni mwa msimu thamani hiyo huwa ndogo sana. Ikiwa kawaida ya Juni 1 ni milimita 20 na leo kuna 60, utasoma "asilimia 300 ya kawaida" na kughairi safari kwa ajili ya theluji itakayoisha keshokutwa. Kinyume chake pia hutokea: asilimia 70 inasikika ndogo, kumbe ni milimita 400.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni kudhani kituo ni njia. Vituo huwekwa kwenye uwazi ndani ya msitu, mahali palipokingwa upepo, kwa sababu huko ndiko theluji hutulia na kupimika vizuri. Kituo cha Red Mountain Pass, kati ya Ouray na Silverton, kiko takriban mita 3,400; Imogene iko mita 600 juu yake, kwenye mawe matupu yanayopigwa na upepo kipupwe chote. Upepo huo hufagia upande mmoja wa mgongo wa mlima hadi ardhi ionekane, na kurundika upande wa pili marundo ya mita tatu, nne au zaidi. Wastani wa mlima haukuzuii. Kinachokuzuia ni rundo moja lililofunika mita ishirini za barabara kwenye kona inayotazama kaskazini, na kwa rundo hilo hakuna kituo.

Ndiyo maana njia bora ya kutumia SNOTEL ni kuitengenezea kumbukumbu. Chukua kituo kilicho karibu na njia yako, tafuta tarehe kilipofika sifuri kila mwaka kwa miaka sita au saba iliyopita, kisha andika kando tarehe ambayo njia ilipitika mara ya kwanza bila sepetu. Tofauti ya siku kati ya hizo mbili hubadilika kidogo kuliko tarehe zenyewe. Ukikuta kwamba kwa kawaida ni kati ya siku 18 na 25, basi kituo kikifika sifuri unajua utazame wiki ipi. Mwaka wenye maporomoko mengi uondoe kwenye hesabu, na njia zinazosukumwa kwa mitambo zisichanganywe na zisizosukumwa.

Jambo dogo la kukuokoa usumbufu: mwezi Juni kihisi cha kina kikionyesha sentimita 10 au 15 huku maji ni sifuri, hiyo siyo theluji. Ni nyasi zimeota chini yake.

Picha kutoka juu

Satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupiga picha ya sehemu moja kila baada ya siku tano hivi, kwa uwazi wa mita 10 kwa nukta. Landsat 8 na 9 kwa pamoja hupita kila siku nane kwa uwazi wa mita 30. Picha zote ni bure. Kwa mita 10 utaona rundo kubwa likikata barabara, ingawa barabara yenyewe inaonekana kwa taabu. Weka mstari wa njia yako juu ya picha ufuate unapokatika.

Tatizo ni mawingu, ambayo kwa picha ya kawaida yana weupe uleule wa theluji. Chagua mchanganyiko wa rangi unaotumia mwanga wa infraredi ya mawimbi mafupi. Theluji humeza mwanga huo na kuonekana ya buluu au samawati, wakati mawingu mengi hubaki meupe. Ukishazoea, sekunde moja inatosha.

Kuna mambo mawili ambayo satelaiti haisemi. Haioni theluji iliyo chini ya misonobari, na kilomita za mwisho kabla ya kutoka msituni, upande wa kaskazini, ndizo huwakamata watu: barabara ya juu ni kavu, ya chini ni kavu, na katikati kuna mita mia moja za barafu kivulini. Pia haisemi kina. Nyeupe ni nyeupe, iwe ya sentimita tano au ya mita tatu. Linganisha picha mbili zilizopishana siku tano au kumi. Kingo zisizosogea kabisa ndizo zenye theluji nene.

Ukiona theluji ya rangi ya kahawia au nyekundu, usishangae. Ni vumbi la jangwa la nyanda za Colorado linalobebwa na upepo na kutua milimani. Theluji safi hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Yenye vumbi hurudisha kidogo sana, na huweza kuisha wiki kadhaa mapema. Mwaka wa vumbi jingi hesabu yako ya milimita 30 kwa siku itakuwa ndogo, na mito itapanda kwa ghafla.

Maji ni theluji ileile, saa chache baadaye

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Watu husubiri theluji iishe, halafu wanafika kwenye kivuko na kukuta maji yasiyovukika. Siyo bahati mbaya. Njia hufunguka theluji inapoyeyuka kwa kasi kubwa kabisa, na theluji hiyo yote inapita kwenye kivuko chako. Mto Animas, unaoanzia juu ya Silverton, kwa kawaida hufikia kilele kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni.

USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, ina vipimo kwenye mito mingi, na kwa kawaida husoma kila dakika 15. Mtiririko huandikwa kwa futi za ujazo kwa sekunde. Futi 35 ni karibu mita moja ya ujazo. Kimo cha maji kinachoandikwa pembeni kisikuchanganye. Hakihesabiwi kutoka sakafu ya mto bali kutoka alama iliyowekwa na mafundi, kwa hiyo "futi 4" haimaanishi maji ya futi nne.

Kijito unachokivuka pengine hakina kipimo chochote. Hilo halina shida, kwa sababu unachotafuta kwenye mto mkubwa ni umbo la mchoro. Katika msimu wa kuyeyuka mchoro hupanda na kushuka kila siku: jua huyeyusha mchana, maji hupenya theluji na kuteremka, kijito cha juu hujaa alasiri hadi jioni, kisha hupungua usiku kucha na kuwa chini kabisa kuelekea alfajiri na asubuhi. Kadiri kipimo kinavyokuwa mbali chini, ndivyo kilele kinavyochelewa. Kipimo cha Animas pale Durango, zaidi ya kilomita 70 chini ya Silverton, kikionyesha kilele usiku wa manane, hayo ni maji ya mchana uliopita huko juu. Asiyejua hilo atasema mto hujaa usiku, na atavuka alasiri.

Tazama sehemu za chini za mawimbi hayo, siyo vilele tu. Zikipanda siku hadi siku, theluji inaachia maji kuliko usiku unavyoweza kuyazuia, na kesho kutakuwa kubaya kuliko leo. Zikianza kushuka siku tatu nne mfululizo huku hali ya hewa ikiwa ileile, theluji ya bonde hilo inakwisha. Wimbi likipungua urefu ghafla bila mabadiliko ya msimu, kumekuwa na mawingu au baridi. Maji yamesubirishwa tu, na jua likirudi yatakuja.

Joto la usiku ndilo la kuangalia kwenye utabiri. Utabiri wa idara ya hali ya hewa ya Marekani unaweza kuuchukua kwa kubofya mahali kwenye ramani, kwa hiyo bofya kipito chenyewe, usitumie wa mjini. Usiku wa chini ya sifuri na anga lisilo na mawingu: theluji itaganda, asubuhi itabeba gari, vijito vitakuwa chini. Usiku wenye mawingu hata kama ni nyuzi moja tu juu ya sifuri: theluji haitaganda, kwa sababu mawingu yanaizuia kupoteza joto lake angani. Anga likiwa wazi na hewa kavu, uso wa theluji huweza kuganda hata hewa ikiwa nyuzi mbili juu ya sifuri. Nyakati za usiku tatu mfululizo bila kuganda, ahirisha. Mvua ya joto juu ya theluji iliyokomaa, ahirisha bila kufikiria.

Mguu kwanza, tairi baadaye

Ukifika kwenye rundo la kwanza, simamisha gari na ushuke. Mtu wa kilo 80 akisimama kwa mguu mmoja, unyayo mzima ukiwa chini, anakandamiza theluji kwa takriban psi 6 (pauni kwa inchi ya mraba). Tairi lililopunguzwa upepo hadi psi 15 linakandamiza kwa karibu psi 15, kwa makadirio. Kwa hiyo kama unazama kwa mguu mmoja, gari halina nafasi. Usipozama, bado hujapata jibu. Piga kisigino kwa uzito wako wote: eneo dogo la kisigino hufikisha psi 35 na zaidi. Kikiacha alama ya sentimita mbili tatu tu, tabaka la juu ni gumu.

Tabaka la juu peke yake halitoshi, maana tairi ni pana na mgandamizo wake unafika chini zaidi ya kisigino. Chimba shimo kwa sepetu hadi sentimita 50. Ukikuta ukoko wa barafu wa sentimita 10 na chini yake chembe zilizolowa, zinazotiririka mkononi kama sukari ya mawe iliyomwagiwa maji, ukoko huo utabeba saa mbili tatu za asubuhi na kisha utavunjika. Gari la kilo 2,500 likivunja ukoko linakaa kwa tumbo, chesisi juu ya theluji na matairi yakizunguka hewani, na kulitoa hapo ni kazi ya nusu siku.

Ulaini siyo hatari kuu. Hatari kuu ni mwinamo. Barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima ikijaa theluji, rundo hufuata mteremko wa mlima, siyo usawa wa barabara. Ukipanda juu yake gari linalalia upande wa bonde, juu ya kitu kinachoteleza, na hakuna kufuli ya difu itakayokusaidia. Kwa kweli kufunga difu kwenye mwinamo wa barafu hufanya nyuma ya gari iteleze kirahisi zaidi, kwa sababu magurudumu yote mawili hupoteza mshiko kwa pamoja. Rundo linaloinamia bonde ama lichimbwe hadi liwe sawa, ama mgeuze. Hakuna njia ya tatu.

Pale kijito kinapokatiza chini ya theluji, maji huila kutoka chini na kuacha daraja linaloonekana salama. Sikiliza. Ukisikia maji na huyaoni, yako chini yako. Choma fimbo ndefu kila nusu mita. Ikizama ghafla, kuna uwazi. Kingo za mawe makubwa na mashina pia huwa na mashimo, maana huhifadhi joto la jua.

Na kupita pembeni ya rundo, juu ya nyasi? Hapana. Juu ya mwisho wa miti ni tundra, yenye udongo mwembamba ambao majira haya umelowa chapachapa, na mimea yake huchukua miongo kupona. Kutoka nje ya njia iliyoidhinishwa ni kosa kisheria, na alama za gari la kwanza huwaita wengine kumi. Vivyo hivyo kwa tope: matairi yakianza kuacha mifereji ya sentimita saba au nane barabarani, geuza. Mifereji hiyo hugeuka mito midogo mvua za Julai zikianza, na barabara huliwa.

Kwenye kivuko

Kivuko huchagui mahali, kwa kuwa ni palepale njia ilipopangiwa. Unachoweza kuchagua ni saa. Pima kina kwa fimbo na kasi kwa kijiti: pima mita 10 ukingoni, tupa kijiti katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Sekunde saba ni takriban mita 1.4 kwa sekunde. Rudia mara tatu na uchukue ya haraka zaidi.

Kisha zidisha kina kwa kasi. Mwongozo wa Australia kuhusu magari kwenye maji ya mafuriko unaweka ukomo wa 0.3 kwa gari dogo, 0.45 kwa gari kubwa la kawaida na 0.6 kwa 4x4 kubwa, kina kikiwa kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde; na hata maji yakiwa yametulia, kina kisizidi mita 0.3, 0.4 na 0.5 kwa mpangilio huo. Maji ya sentimita 40 yanayokwenda mita 1.4 yanatoa 0.56. Hiyo ni ukingoni kabisa kwa 4x4 kubwa, na ukomo huo haukuhesabu mawe yanayoviringika chini ya tairi. Kwenye kijito cha mlimani ni busara kusimama kwenye 0.4.

Sababu ni mbili zinazofanya kazi pamoja. Nguvu ya maji huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huwa mara nne. Halafu gari huelea. Chini ya gari yenye mita 1.5 kwa 3.5, kila sentimita ya maji juu ya sakafu ya gari huondoa kilo 50 hivi kwenye matairi. Sentimita 20 ni tani moja. Gari bado linaonekana zito, ila chini halishiki tena.

Kama kivuko kinatisha kwa miguu, kwa gari nacho kiache. Anayevuka kupima atazame juu ya mkondo, fimbo mbele, mkanda wa begi ukiwa umefunguliwa, na asiingie maji ya haraka yakizidi magoti. Maji ya theluji yana nyuzi chache tu juu ya sifuri, na miguu hufa ganzi ndani ya dakika chache.

Ukiamua kuvuka, subiri kwanza dakika kumi hadi kumi na tano injini na difu zipoe. Difu ya moto ikiingia ghafla kwenye maji ya barafu, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia oili sili. Mirija ya kupumulia difu ikiwa imerefushwa hadi juu karibu na injini, tatizo hilo hupungua sana. Jua ilipo bomba la kuvuta hewa la injini yako, maana kwenye magari mengi liko chini kuliko mtu anavyofikiri. Funga kamba ya kuvutia kwenye ndoano kabla ya kuingia, fungua vioo, weka gia nzito ya chini, gia ya pili, na uende mwendo wa mtu anayetembea haraka bila kubadilisha gia. Mwendo huo husukuma wimbi dogo mbele, na nyuma ya wimbi hilo, pale penye injini, maji hushuka. Ukiongeza kasi, wimbi hupanda juu na feni humwagia maji kila kitu.

Injini ikizima ndani ya maji, usipige stata. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa, na kinachopinda ni mkono wa pistoni. Gari livutwe nje, plagi zitolewe, injini izungushwe bila plagi. Ukivuka salama, kanyaga breki kidogo kidogo hadi zikauke, na jioni chungulia oili za difu na giaboksi. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na imwagwe kabla ya kuendesha tena.

Weka pia saa ya kugeuza kabla ya kuondoka. Kivuko ulichokipita saa mbili asubuhi kikiwa sentimita 30 huweza kuwa 50 saa kumi jioni, na rundo lililokubeba limeshalainika. Kama njia ni ya kwenda na kurudi, hesabu kivuko cha mwisho kiwe kimepitwa kabla ya saa sita au saba mchana, la sivyo jiandae kulala huko juu hadi asubuhi ya pili, ukiwa na nguo na chakula cha kutosha.

Ukirudi, taarifa utakayowaachia wengine iwe na tarehe, saa, mwinuko, upande unaotazama mteremko na kipimo. "Rundo la kwanza, mita 3,650, linatazama kaskazini-mashariki, urefu mita 15, kina mita 1.2, linainamia bonde, Juni 9 saa tatu asubuhi, usiku uliotangulia uliganda" inamwezesha mtu kupiga hesabu ya wiki ijayo. "Njia safi, tumepita" haimwambii kitu, hasa asipojua mmepita na matairi gani.